Mistari myekundu kwenye waraka wa Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wateja wanaoleta kazi za kuchapa steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya: makatibu wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu vya MUST na Mzumbe, na wale wanaotuma faili kwa WhatsApp kutoka Iringa na Njombe. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo kompyuta nyingi za huku zinavyoyaonyesha. Maelezo mengi yanahusu Microsoft Word kuanzia toleo la 2013. LibreOffice, Google Docs na simu nimezigusa kwa chini.

Kwa nini Word inapigia mstari mwekundu karibu kila neno langu?

Kwa sababu inakusoma kwa Kiingereza. Chukua muhtasari wa kikao cha wakulima wa parachichi wa Rungwe, ulioandikwa Kiswahili kisicho na doa. Word haijui kama "akidi" ni neno zuri au baya. Inachoangalia ni kama limo kwenye kamusi ya lugha iliyobandikwa kwenye maandishi hayo. Kompyuta nyingi zinazoingia dukani zimeachwa na Kiingereza cha Marekani tangu zilipotoka kiwandani, kwa hiyo "akidi", "ajenda", "mwenyekiti" na "yatokanayo" yote yanapigiwa mstari. Utaona "pale", "wake" na "mate" yamepita bila kuguswa. Yamepita kwa sababu Kiingereza nacho kina maneno yanayoandikwa hivyo hivyo.

Waraka ukiwa mrefu, Word yenyewe huchoka. Inatoa ujumbe kwamba makosa ya tahajia na sarufi yamezidi na haitaendelea kuyaonyesha. Watu huona ujumbe huo wakadhani faili limeharibika au lina kirusi. Faili ni zima kabisa.

Nibadilishe wapi lugha?

Bonyeza Ctrl+A ili kuchagua maandishi yote. Nenda juu kwenye kichupo cha Review, bofya Language, kisha Set Proofing Language. Litafunguka dirisha lenye orodha ndefu ya lugha. Tafuta Kiswahili, kwenye matoleo mengine kimeandikwa Swahili, na pengine kimeambatana na jina la Kenya. Usishtuke, ukiwa Mbeya unaweza kukitumia bila shida yoyote. Kabla ya kubofya OK, angalia visanduku viwili vilivyo chini ya orodha: "Do not check spelling or grammar" kisiwe na alama, na "Detect language automatically" nacho ukiondolee alama.

Njia ya mkato: angalia ukanda wa chini kabisa wa dirisha la Word, pale panapoonyesha idadi ya kurasa na maneno. Jina la lugha huwa hapo. Ukilibofya, dirisha lile lile linafunguka. Kama halipo, bofya ukanda huo kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha weka tiki kwenye Language. Mtu anayechapa lugha mbili kila siku na hajawasha kitu hiki anajitesa bure.

Nimebadilisha jana, leo nimefungua waraka mpya na Kiingereza kimerudi. Kulikoni?

Ulibadilisha waraka mmoja tu. Ukitaka kila waraka mpya uanze na Kiswahili, fungua dirisha lile lile, chagua Kiswahili, bofya Set As Default na ukubali. Hapo unakuwa umebadilisha kiolezo ambacho Word hukitumia kuanzishia kurasa tupu. Nyaraka za zamani zitabaki na lugha zake.

Kuna mwizi mwingine: kibodi. Ukiona ENG US kwenye kona ya chini kulia ya Windows, maneno mapya unayochapa mara nyingi yanazaliwa na alama ya Kiingereza cha Marekani hata kama aya ya juu yake ni ya Kiswahili. Ongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, halafu uwe unahama kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi.

Nimechagua yote nikabadilisha, lakini sehemu nyingine bado ni nyekundu.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Lugha katika Word haikai kwenye faili. Inakaa kwenye maneno, kama rangi au ukolezo (bold). Aya moja inaweza kuwa na neno la Kiswahili, linalofuata la Kiingereza cha Uingereza, na la tatu halina lugha inayokaguliwa. Huoni tofauti kwa macho, lakini Word inaiona.

Basi, Ctrl+A ukiwa katikati ya ukurasa huchagua maandishi ya mwili wa waraka. Haigusi maneno ya juu na chini ya kurasa, haigusi tanbihi, na haigusi visanduku vya maandishi. Barua yenye nembo na anwani ya ofisi juu itabaki na wekundu kwenye "S.L.P." na jina la kata. Ingia huko kwa kubofya mara mbili sehemu ya juu ya ukurasa, chagua maandishi yake, ubadilishe lugha peke yake. Tanbihi fanya vivyo hivyo.

Sehemu ya pili inayosumbua ni maandishi ya kubandika. Aya uliyoinakili kutoka mtandaoni au kwenye faili la mwenzako inakuja na lugha yake. Wakati wa kubandika, chagua Keep Text Only, kisha tazama ukanda wa chini kuona lugha iliyoshika.

Kazi ikiwa kubwa na imechanganyika sana, kuna njia ambayo watu hawaitumii. Fungua Replace kwa Ctrl+H, bofya More, bofya ndani ya kisanduku cha Find what bila kuandika chochote, bofya Format kisha Language, chagua Kiingereza cha Marekani. Shuka kwenye Replace with, nacho kiache kitupu, chagua Format, Language, halafu lugha unayoitaka. Bofya Replace All. Word itapita na kubadilisha kila kipande chenye Kiingereza cha Marekani bila kugusa neno lolote la vipande vingine.

Kiswahili kipo kwenye orodha lakini hakina alama ya ABC pembeni.

Alama hiyo ndogo yenye tiki inaonyesha kuwa kamusi ya ukaguzi wa lugha hiyo imo kwenye kompyuta yako. Isipokuwepo, unaweza kuyabandika maneno alama ya Kiswahili lakini hakuna kitakachokaguliwa. Nenda File, Options, Language, ongeza Kiswahili, kisha ufuate kiungo cha kupakua kifurushi cha lugha kutoka kwa Microsoft. Hakuna malipo ya ziada kwa aliyenunua Office halali. Angalia mambo mawili kabla ya kumaliza bando: toleo la Office yako, na kama ni ya biti 32 au 64. Hayo utayapata kwa kubofya File, Account, halafu About Word. Ukipakua kifurushi kisicholingana, kitagoma kuingia.

Mistari myekundu imeisha yote. Kwa hiyo waraka hauna makosa?

Hapana! Swali hili naliomba ulisome mara mbili.

Ukibandika alama ya Kiswahili kwenye kompyuta isiyo na kamusi ya Kiswahili, mistari hutoweka papo hapo. Inaonekana kazi imekamilika, kumbe ukaguzi umesimama. Andika "mwenyekti" au "mkutamo" na ukurasa utabaki mweupe kama kawaida. Wakati mwingine Word huleta ukanda wa njano juu ukisema zana za ukaguzi wa lugha hiyo hazipo, na watu huufunga haraka kwa sababu unawasumbua.

Hali hiyo hiyo hutokea kisanduku cha "Do not check spelling or grammar" kikiwa na alama, jambo linalotokea sana kwa maandishi yaliyonakiliwa kutoka mtandaoni. Kipimo ni rahisi. Andika neno la ovyo katikati ya aya, tuseme "kabxoro". Likipigiwa mstari, ukaguzi unafanya kazi. Likinyamaziwa, hakuna anayekagua. Usisahau kulifuta, barua ya kuomba kazi yenye "kabxoro" haitakufikisha kwenye usaili.

Tasnifu yangu ni ya Kiingereza lakini dodoso ni la Kiswahili. Nifanyeje?

Hii ni kazi ya kila mwaka ya wanafunzi wa vyuo vya huku, kuanzia Mbeya mpaka Mkwawa kule Iringa. Mahojiano unafanya na wakulima wa mpunga wa Mbarali kwa Kiswahili, na ripoti unaandika kwa Kiingereza. Anza na Ctrl+A, weka Kiingereza cha Uingereza kwenye waraka wote. Halafu nenda kwenye viambatisho, chagua dodoso peke yake kuanzia kichwa hadi swali la mwisho, uweke Kiswahili. Majibu ya wahojiwa uliyoyanukuu ndani ya sura ya nne nayo yachague moja moja na kuyawekea Kiswahili. Inachosha, lakini bila hivyo unaweza kubofya kwa bahati mbaya pendekezo la Kiingereza ukabadilisha maneno ya mhojiwa.

Kuhusu Kiingereza chenyewe: cha Marekani kitakukataza kuandika "labour", "centre", "programme" na "organisation", yaani namna ambayo sisi tumefundishwa shuleni na wasimamizi wengi wanaitaka. Mwanafunzi anayefuata mapendekezo ya Marekani katika sura mbili na kuandika mwenyewe sura tatu anapeleka kazi yenye tahajia mbili, na msimamizi ataona mara moja.

Ukiwa hapo hapo, angalia pia ukubwa wa karatasi. Kompyuta iliyowekwa kwa mazoea ya Marekani mara nyingi hupanga ukurasa kwa Letter badala ya A4, na ukija kuprinti kurasa zinahama.

Je, niiachie Word itambue lugha yenyewe?

Kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, mimi huizima. Inahitaji sentensi kamili ili ibahatishe vizuri. Vichwa vya habari, majedwali na orodha za majina huichanganya.

Nimeweka kamusi ya Kiswahili, lakini maneno sahihi bado yanapigiwa mstari.

Ni kweli, na sababu iko kwenye lugha yetu. Chukua kitenzi kimoja tu, "soma". Nafsi ziko sita: ni, u, a, tu, m, wa. Nyakati tuchukue nne: na, li, ta, me. Hapo pana maumbo 24. Ongeza ukanushi, yaani sisomi, hukusoma, hatutasoma, hawajasoma na wenzao, unafika 48. Kila moja linaweza kubeba kitu kinachosomwa, kama ninakisoma, ninavisoma, ninalisoma, ninayasoma, ninaisoma, ninazisoma, ninausoma. Hayo saba ukiyajumlisha na maumbo yasiyobeba kitu unapata 384. Bado hatujagusa somea, someshwa, somana, wala ngeli nyingine zikiwa ndizo zinazotenda.

Hakuna mtu atakayeandika orodha ya namna hiyo kwa mkono. Kamusi za ukaguzi hutumia orodha ya mashina pamoja na kanuni za viambishi, na kanuni hizo hazijafika kila kona. "Kitabu" na "shule" utaona vimepita, lakini "hawakutuandikishia" likakwama. Kwa hiyo mstari mwekundu chini ya kitenzi kirefu usikufanye ukibadilishe. Kisome kwa sauti silabi kwa silabi. Kikiwa sawa, kiache au kiongeze kwenye kamusi yako.

Majina ya watu na vijiji vyetu yanapigiwa mstari kila siku.

Bofya jina kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Add to Dictionary. Halitapigiwa tena kwenye kompyuta hiyo. Katibu wa kikundi anayeandika Mwakalinga, Mwambene, Sanga na Ngailo kila mwezi, au ofisi inayotaja Uyole, Tukuyu, Makambako na Kilolo kila barua, atapumua.

Ukiwa na orodha ndefu, usiongeze moja moja. Nenda File, Options, Proofing, Custom Dictionaries, kisha Edit Word List. Huko utaandika au kufuta majina. Kufuta ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kuna kompyuta za ofisini ambazo kila mtu amekuwa akibofya Add bila kusoma, na sasa "mahudhulio" limekubaliwa kama neno halali. Pitieni orodha hiyo mara moja moja.

Kumbuka kamusi hii iko kwenye kompyuta, haiendi na faili. Ukituma waraka Iringa, aliyeupokea ataona wekundu upya kwenye majina yale yale.

Nikiandika "n.k." neno linalofuata linaanza kwa herufi kubwa. Na (c) inageuka alama ya hakimiliki!

Hayo si makosa ya tahajia, ni AutoCorrect. Word ikiona nukta inadhani sentensi imeisha. Nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, bofya Exceptions, na kwenye kichupo cha First Letter ongeza n.k., k.m., Kumb. na vifupisho vingine mnavyovitumia.

Ile (c) ndiyo inayochekesha kwenye mihtasari. Azimio (a) linakaa vizuri, (b) linakaa, halafu la tatu linakuwa ©. Bonyeza Ctrl+Z mara tu inapotokea na (c) yako inarudi. Ukitaka iishe moja kwa moja, ifute kwenye orodha ya AutoCorrect.

Natumia LibreOffice. Maelezo haya yananihusu?

Wazo ni lile lile, njia tofauti. Bofya Tools, Language, na utapata machaguo matatu: For Selection kwa maneno uliyochagua, For Paragraph kwa aya, na For All Text kwa waraka wote. Kuweka lugha ya kudumu, nenda Tools, Options, kwenye sehemu ya lugha. Kisanduku cha "For the current document only" kikiwa na alama, mabadiliko yako yataishia kwenye waraka huo.

Mimi nawashauri vikundi visivyo na fedha ya leseni waanzie hapa. Programu ni ya bure, na kuna kamusi ya tahajia ya Kiswahili iliyoandaliwa kwa alama ya Tanzania. Kazi ya Kiswahili kwenye familia hii ya programu ina historia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo LibreOffice ilichipuka kutoka kwake mwaka 2010.

Na Google Docs?

File, Language, chagua lugha ya waraka. Kama wekundu unakukera wakati unaandika, zima kwenye Tools, Spelling and grammar.

Kwenye simu je?

Simu inakusahihisha kutoka kwenye kibodi. Kama unatumia Gboard, ingia kwenye mipangilio yake, Languages, ongeza Kiswahili. Usipofanya hivyo, kibodi ya Kiingereza itakubadilishia maneno kabla hujayaona, na hilo ni baya kuliko mstari mwekundu, kwa sababu mstari angalau unakuachia neno lako.

Mistari hii itatoka kwenye karatasi?

Haitoki, wala haionekani kwenye PDF. Inaonekana kwenye skrini tu, ikiwemo projekta. Ukienda kuonyesha waraka mbele ya kikao, ingia File, Options, Proofing, na chini kabisa weka alama kwenye "Hide spelling errors in this document only".

Kuna makosa ambayo hata kamusi nzuri haiyashiki?

Mengi, na ndiyo yanayotuaibisha. Kamusi inapitisha neno lolote iliyo nalo, liwe mahali pake au lisiwe. "Mahari pa mkutano" linapita, kwa sababu mahari ni neno. "Wajumbe walipiga kula" badala ya "walipiga kura" linapita. "Samani ya shamba" pale ulipotaka kuandika "thamani ya shamba" linapita, na kwenye hati ya mauziano hilo si la kucheka. "Mjumbe ana deni" na "mjumbe hana deni" yote mawili ni Kiswahili safi, ila moja linamtoa mtu kwenye orodha ya wadaiwa na jingine linamwingiza.

Upatanisho wa kisarufi nao usiutegemee kwa mashine. "Kitabu vyangu vimepotea" hakitapigiwa mstari hata mmoja. "Kwasababu" na "kwaajili" zilizounganishwa ndizo utakazosaidiwa, mradi kamusi ya Kiswahili imewashwa. Kwa nyaraka zenye fedha, ardhi au majina ya watu, mpe mtu mwingine asome kwa sauti huku wewe ukifuatilia kwenye skrini.

Nikileta faili mnirekebishie lugha, nilete vipi?

Leta faili lenyewe la Word au LibreOffice, kwenye flashi au kwa WhatsApp likiwa limetumwa kama dokumenti. PDF na picha ya karatasi hazifai kwa kazi hii. Hizo itabidi zichapwe upya na bei yake ni nyingine. Tuandikie pia sehemu zipi ni za Kiswahili na zipi ni za Kiingereza, na kama Kiingereza chako ni cha Uingereza, useme mapema.